Injini Imekufa: Jinsi ya Kuamua Kuitengeneza au Kuweka Nyingine

Kauli kwamba injini imekufa hutolewa haraka sana, mara nyingi na mtu ambaye hajafungua hata nati moja. Chini ya kauli hiyo hukusanywa mambo yasiyolingana kabisa: gasketi ya hedi iliyoungua (kizibo kilicho kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, na bloku, mwili wake wenye silinda), mkanda wa taimingi uliokatika (ule unaofanya valvu zipatane na pistoni), beringi zilizosagika za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, mhimili mkuu unaozunguka), na bloku iliyotobolewa na konrodi iliyovunjika. La kwanza hutengenezwa kwa siku chache, la mwisho karibu halitengenezeki, na mwenye gari anayeambiwa tu kwamba imekufa hana namna ya kujua yake iko wapi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo swali la kutengeneza au kubadilisha halipaswi kuulizwa siku ya kwanza. Linaulizwa baada ya kujua uharibifu umefika sehemu gani ya injini na ni kitu gani kilichousababisha, na hatua zinazofuata zimepangwa ili majibu hayo mawili yapatikane kwa gharama ndogo kabla ya kutumia gharama kubwa.

Hatua ya kwanza: usiiwashe tena

Injini iliyoharibika huendelea kuharibika kila inapozungushwa. Beringi ya konrodi ni kipande chembamba cha chuma laini ambacho hubadilishwa kwa bei ndogo. Ikiachwa ikagonga kwa kilomita chache zaidi hukwaruza krankshafti, na ikiachwa zaidi ya hapo konrodi hukatika na kutoboa ukuta wa bloku. Tofauti kati ya hali hizo tatu huweza kuwa safari moja tu ya kuvumilia hadi gereji. Gari livutwe.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima palepale ulipo, kwa sababu taa hiyo huwaka presha ikiwa tayari imeshuka mno. Gari likichemsha, zima na usifungue mfuniko wa radieta wakati kuna joto. Mfumo huo hufanya kazi chini ya presha ya takriban baa 1 juu ya ile ya hewa, maji yaliyomo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na presha ikiachiwa ghafla hulipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyefungua. Maji baridi yasimwagwe kwenye injini iliyochemsha, maana hedi ya alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu, na mshtuko wa namna hiyo ni njia rahisi ya kuipasua. Gari lililozimikia kwenye maji ya mafuriko lisipigwe starta hata mara moja: maji hayabanwi kama hewa, na pistoni inayokutana na silinda iliyojaa maji hupinda konrodi. Toa plagi kwanza, maji yatoke.

Halafu andika. Sindano ya joto ilikuwa wapi, ni taa gani iliwaka na ipi ikafuata, sauti ilianza ghafla au ilikuwa ikikua kwa wiki kadhaa, moshi ulikuwa wa rangi gani, oili ilibadilishwa lini, na kiasi gani kilibaki kwenye kijiti cha kupimia. Fundi anayepewa maelezo haya huanza kazi akiwa nusu ya njia, na yule asiyeyauliza kabisa anastahili kutiliwa shaka kidogo.

Hatua ya pili: soma dalili, lakini usizihukumu

Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, ama inapita kwenye ringi za pistoni, ama kwenye sili za valvu, ama kwenye turbo kama ipo. Ukitoka kwa wingi unapowasha gari lililolala usiku kucha kisha ukapotea, shuku sili za valvu kwanza, na hizo mara nyingi hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto, wenye harufu tamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya radieta), unaonyesha kwamba maji ya radieta yanaingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi yenye baridi hauna maana yoyote. Moshi mweusi unahusu mafuta yanayozidi hewa, nao peke yake haujawahi kuwa sababu ya kubadilisha injini ya petroli.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa hutisha watu kuliko inavyostahili. Kama ute huo uko chini ya kifuniko cha kujazia tu, na kijiti kinatoka safi, huenda ni unyevu wa gari linalotembea safari fupi bila kupata joto la kutosha. Kama kijiti nacho kinatoka na maziwa na maji ya radieta yanapungua, basi vimiminika viwili vimekutana ndani, na ulipo mlango wao ndiko pa kutafuta.

Sauti ndiyo inayopotosha zaidi. Mlio mwembamba wa haraka juu ya injini kwa kawaida ni tepeti au kamshafti, vipande vinavyofungua valvu. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaokua unapokanyaga mafuta injini ikiwa na joto, ni wa konrodi mpaka ithibitike vinginevyo. Njia ya kale ya kuubaini bado inafaa: injini ikiwa sailensa (ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) kwa muda mfupi tu, chomoa soketi ya injekta (kinachopuliza mafuta) ya silinda moja, irudishe, kisha uende kwenye inayofuata. Silinda ambayo ikizimwa mlio huo unapungua waziwazi ndiyo yenye beringi iliyolegea.

Hata hivyo, nimewahi kuona gari la giaboksi ya otomatiki likihukumiwa kwa mlio huohuo wa kugonga, na mwenyewe akawa tayari ameshalipa arubuni ya injini nyingine. Presha ya oili ilikuwa nzuri, na filta ilipokatwa ilikuwa safi kama imetoka dukani. Tukafungua kifuniko kidogo kilichopo injini inapokutana na giaboksi, tukazungusha krankshafti taratibu kwa spana huku tukimulika kwa tochi, na kwenye bamba la chuma linalounganisha vitu hivyo viwili tukaona ufa mwembamba ukizunguka tundu tatu za boliti. Bamba lilipobadilishwa, mlio ukaisha. Arubuni haikurudi.

Hatua ya tatu: pima

Hapa ndipo pesa ndogo huokoa pesa kubwa, na ndipo watu wengi huruka. Vipimo vyote vinavyofuata hufanyika bila kufungua hedi, na kwa injini ya silinda nne fundi mwenye vifaa huvimaliza kwa nusu siku.

Anza na kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inaijenga ndani ya silinda. Injini iwe na joto, kama bado inaweza kuwaka bila kujiumiza. Betri iwe imejaa chaji, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa plagi vikatwe, na njia ya hewa ifunguliwe yote, kwani kipimo kinachofanywa huku njia ya hewa imefungwa husoma chini kwa silinda zote na kuzua hofu ya bure. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya baa 10 na 14. Za dizeli husoma juu zaidi, kwa kawaida kuanzia baa 20 kwenda juu, na huhitaji geji yake maalumu. Namba ya kulinganishia ni ile iliyo kwenye kitabu cha injini husika. Pamoja na hiyo, angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Injini ambayo silinda zote zinasoma baa 10 imezeeka kwa usawa na inaweza kufanya kazi miaka mingine, ilhali yenye 13, 13, 13 na 6 ina tatizo sehemu moja, na tatizo la sehemu moja ni habari njema kuliko linavyosikika. Tofauti inayozidi takriban asilimia 15 kati ya silinda ya juu na ya chini inahitaji maelezo.

Maelezo hayo huanza kupatikana kwa kijiko kimoja cha oili. Kimimine kwenye silinda iliyosoma chini kupitia tundu la plagi, kisha pima upya. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ringi au ukuta wa silinda umechakaa. Isipopanda, shuku valvu au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini zote kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao mara nyingi kuliko jambo jingine lolote. Jaribio hili la oili lisifanywe kwenye dizeli, ambako nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno.

Kipimo kinachofuata, ambacho kwa maoni yangu kinazidi kompresheni kwa ukweli, ni cha kuvuja kwa hewa. Pistoni huwekwa juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, hewa yenye presha inayojulikana huingizwa kupitia tundu la plagi, na geji huonyesha asilimia inayopotea. Kisha unatumia masikio. Hewa ikifoka kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikifoka kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya upande huo. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ringi zinapitisha. Mapovu yakipanda kwenye radieta, ama gasketi imeungua ama kuna ufa. Kwa kipimo hiki kimoja unaweza kujua, kabla ya kufungua chochote, kama kazi itaishia kwenye hedi au itateremka hadi kwenye bloku.

Presha ya oili ipimwe kwa geji ya mkono inayofungwa mahali pa sensa, oili ikiwa na joto, kwa sababu taa ya dashibodi haijui kueleza kiasi. Injini nyingi zinatakiwa kuonyesha walau baa 1 hivi zikiwa sailensa na kati ya baa 3 na 4 zikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Presha iliyo chini pamoja na mlio mzito wa kugonga ni ushahidi wa kutosha wa kufungua sampu (beseni la oili chini ya injini). Presha ya chini bila mlio huo inaweza kuwa pampu, au kichujio cha ndani kilichozibwa na uchafu, au oili nyepesi isiyofaa, au hata sensa iliyodanganya tangu mwanzo.

Mwisho, filta ya oili ikatwe. Isikatwe kwa msumeno wa chuma, maana chenga za msumeno zitachanganyika na zile unazozitafuta. Kuna kikatio chake kinachozunguka kama cha kufungulia kopo. Toa karatasi ya ndani, ibane oili itoke, kisha iviringue wazi juu ya kitambaa cheupe mahali penye jua. Weusi na masizi ni kawaida. Vipunje vinavyometameta kama unga wa fedha au shaba, visivyovutwa na sumaku, vimetoka kwenye beringi. Vinavyovutwa na sumaku vimetoka kwenye chuma kigumu: kamshafti, ringi, cheni au giya za taimingi. Karatasi ikiwa safi, injini inakuambia kwamba sehemu ya chini bado ni nzima, na hilo peke yake huhamisha mizani kuelekea kutengeneza.

Kamera ndogo inayopitishwa kwenye tundu la plagi ni ya ziada tu, lakini inaonyesha vizuri mikwaruzo ya wima kwenye kuta za silinda na alama za valvu zilizogonga pistoni. Kwa gari lililokatika mkanda wa taimingi, kamera na kipimo cha kuvuja huweza kueleza ni valvu ngapi zimepinda kabla hedi haijafunguliwa.

Hatua ya nne: fungua kwa awamu, na kila awamu iwe na bei yake

Kabla spana haijashikwa, elewaneni na fundi kwamba analipwa kwa kufungua na kupima hadi mahali fulani, kisha anasimama na kukuita. Makubaliano ya jumla ya kushusha injini na kuifanyia ovahoo (kuifumua yote na kuiunga upya) kwa bei moja humfunga mwenye gari kabla hajajua anachonunua. Omba kila kipande kilichotolewa kiwekwe kando kwa mpangilio wa silinda zake, na usione aibu kwenda kukitazama.

Hedi ikitolewa, kwanza iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na kupenyezewa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) katika pande zote na pembe kwa pembe. Watengenezaji wengi huruhusu kupinda kwa kati ya milimita 0.05 na 0.10 tu. Iliyopinda zaidi huchongwa, lakini kuchonga kuna kikomo chake, na hedi iliyokwisha kuchongwa mara mbili inaweza kuwa imebaki nyembamba kuliko inavyoruhusiwa. Ikiwa gari lilichemsha, hedi ipimwe pia kwa presha ndani ya maji ya moto kabla ya kulipia kuchonga. Nyufa za kati ya viti vya valvu mara nyingi hazionekani zikiwa baridi, na kuchonga hedi yenye ufa ni kulipia kazi ya kutupa.

Hedi ikiwa imetoka, kuta za silinda zinaonekana. Pitisha kucha sehemu ya juu ya ukuta ambako ringi hazifiki. Kucha ikikwama kwenye ngazi iliyo wazi, silinda imeliwa. Kucha ni ya kuonya tu; uamuzi hutolewa na geji ya kupimia kipenyo, juu, katikati na chini, na katika pande mbili zinazokatana, kwa sababu silinda hailiki mviringo bali huwa na umbo la yai. Silinda zilizoliwa huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa ongezeko la milimita 0.25 au 0.50, au huwekewa laina mpya (ukuta wa silinda wa kuchomeka). Uliza mapema kama pistoni za saizi hizo zinatengenezwa kwa injini yako. Baadhi hazina kabisa, na baadhi ya bloku za alumini zina utando mgumu ukutani ambao ukichongwa unaondoka, na si kila karakana inaweza kuurudisha.

Sampu hufunguliwa pale tu vipimo vilipoelekeza huko. Beringi za konrodi zikitolewa, rangi ya kijivu iliyo sawia ni uchakavu wa kawaida, shaba iliyojitokeza ni uchakavu uliopitiliza, na mikwaruzo ya kuzunguka ni uchafu uliopita na oili. Krankshafti nayo hupimwa kwa maikromita. Iliyokwaruzwa huchongwa na kuwekewa beringi nene zaidi, tena kwa hatua za milimita 0.25, mradi mtengenezaji anaziuza. Iliyobadilika kuwa bluu kwa joto, iliyopinda, au yenye ufa haina mjadala.

Hatua ya tano: toa hukumu ya kiufundi

Uharibifu ulioishia kwenye hedi, yaani gasketi, valvu zilizopinda au hedi iliyojikunja ndani ya kikomo, hutengenezwa. Kubadilisha injini nzima kwa sababu hiyo ni kutupa bloku nzuri na kuchukua nyingine usiyoijua.

Ringi zilizochoka kwenye silinda ambazo bado zimo ndani ya vipimo nazo hutengenezwa, na matokeo huwa mazuri kama karakana ya kuchonga ni ya kuaminika.

Eneo gumu ni lile la katikati: silinda zinahitaji kuchongwa, krankshafti inahitaji kuchongwa, na hedi pia ina kazi. Hapa injini bado inatengenezeka, lakini ubora wa kazi unategemea mikono mitatu au minne tofauti, na kosa la mmoja huharibu kazi ya wote. Mimi huangalia karakana kabla ya kuangalia bei. Kama hakuna mahali panapopima kwa maikromita na kuandika namba kwenye karatasi, na kama fundi hafungi boliti za hedi kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) bali kwa uzoefu wa mkono wake, basi injini nyingine iliyo nzima ni salama kuliko ovahoo ya kubahatisha.

Bloku iliyotobolewa au yenye ufa, krankshafti iliyovunjika, au injini ambayo vipuri vyake vya saizi havipatikani, hiyo ibadilishwe.

Hatua ya sita: kama ni kubadilisha, ijue injini unayoleta

Kuna injini mpya kabisa kutoka kiwandani, iliyo ghali kuliko zote. Kuna iliyofumuliwa na kurudishwa kwenye vipimo vya kiwanda, ikija na dhamana. Kuna nusu injini, yaani bloku iliyokwisha kuungwa ikisubiri hedi yako, nayo inafaa sana ikiwa hedi yako imenusurika. Halafu kuna iliyotumika, ambayo ndiyo wengi hununua.

Injini iliyotumika haina historia isipokuwa ile unayoweza kuisoma mwenyewe. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani: chuma chenye rangi ya asali ni uzee wa heshima, tope jeusi linalogandamana ni mwenye gari aliyesahau kubadilisha oili. Tazama njia za maji. Kutu nyekundu iliyojaa inamaanisha ilitumia maji matupu bila kulanti. Toa plagi zote uzilinganishe, kisha zungusha krankshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, nayo iende bila kukwama. Muuzaji akikubali, ipimwe kompresheni ikiwa bado sakafuni kwa kutumia starta na betri. Asipokubali kipimo chochote, bei yake nzuri ina sababu.

Msimbo wa injini ulingane na ule wa gari lako herufi kwa herufi. Injini mbili za familia moja na ujazo mmoja zinaweza kutofautiana sensa, mfumo wa valvu au mpangilio wa soketi, na saa za kutafuta sababu ya taa ya injini kuwaka hulipwa na wewe. Magari mengi yana mfumo wa kuzuia wizi unaofungamana na kompyuta ya injini, kwa hiyo kompyuta yako ya zamani ibaki na gari. Namba iliyogongwa kwenye bloku ikibadilika, hati za gari zibadilishwe kwa kufuata utaratibu wa mamlaka ya usajili, na kwa ajili hiyo utahitaji stakabadhi inayotaja namba hiyo. Injini isiyokuwa na karatasi ya mauzo isinunuliwe hata ikiwa nzima.

Kabla haijapandishwa, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, thamostati, na sili ya krankshafti ya upande wa giaboksi. Sili hiyo ni kitu kidogo, lakini ikianza kuvuja baada ya injini kufungwa, giaboksi yote lazima ishushwe kuifikia.

Hatua ya saba: piga hesabu

Hesabu ya kawaida hulinganisha bei ya matengenezo na bei ya injini nyingine, na hapo ndipo inapokosea, kwa sababu imeacha nje chaguo la tatu ambalo ni kuliuza gari kama lilivyo. Anza na tofauti. Tuseme gari lako likiwa zima lingeuzwa kwa 100, na likiwa na injini mbovu linauzwa kwa 35. Kuifufua injini kunakuongezea 65, na njia yoyote itakayogharimu zaidi ya hapo inakula pesa isipokuwa una sababu nyingine ya kulishikilia gari hilo. Pesa ulizokwisha kulitumia mwaka jana kwa tairi, rangi na giaboksi hazimo kwenye hesabu hii isipokuwa kwa kiasi zilichopandisha ile 100.

Sasa weka gharama zote za kila njia. Injini iliyotumika inayouzwa kwa 30 haigharimu 30. Ongeza kushusha na kupandisha, vipuri vilivyotajwa juu, oili na kulanti, usafirishaji, hati, na mabaraketi ya injini ambayo mara nyingi hugunduliwa yamechanika wakati huo. Kwa upande wa kutengeneza, ongeza gasketi za seti nzima, boliti mpya za hedi kama ni zile za kufungwa mara moja, kazi ya kuchonga, na kusafisha radieta. Kisha pande zote mbili zipewe akiba ya asilimia 20, kwani sijaona injini iliyofunguliwa ikakosa kuomba kitu kisichokuwamo kwenye orodha.

Njia mbili zikikaribiana kwa gharama, angalia muda unaotaka kukaa na gari. Kwa mwaka mmoja, injini iliyotumika iliyopimwa vizuri inatosha. Kwa miaka mitano au zaidi, ovahoo sahihi yenye vipimo vilivyoandikwa hushinda, kwa sababu unajua kila kilichomo. Angalia pia gari lililobaki: giaboksi inayoteleza na bodi iliyoliwa na kutu chini hazistahili injini nzuri. Dhamana nayo isomwe kwa makini, hasa kama inalipia kazi ya fundi au kipuri peke yake. Dhamana ya kupewa injini nyingine kuukuu huku ukilipa mwenyewe kuishusha na kuipandisha tena ni nusu ya dhamana.

Hatua ya nane: ondoa kilichoua ya kwanza

Injini ya pili hufa kwa ugonjwa wa ile ya kwanza kama haukutibiwa. Iliyochemsha ilichemsha kwa sababu: radieta iliyoziba, feni isiyoingia, pampu iliyolika mapanga, thamostati iliyoganda. Kila kimoja kijaribiwe, kisidhaniwe. Iliyosaga beringi ilisambaza chenga kwenye kipoza oili, kwenye mirija ya turbo na kwenye pampu. Kipoza oili hakisafishiki kwa uhakika, kwa hiyo kibadilishwe.

Siku ya kuwasha, injini izungushwe kwanza kwa starta bila plagi, kwa vipindi vifupi, mpaka geji ionyeshe presha ya oili. Iliyofanyiwa ovahoo isiachwe sailensa kwa muda mrefu ikipoa na kupashwa. Ringi hukaa vizuri zikipata mzigo wa wastani unaobadilikabadilika barabarani, bila kupiga resi na bila kushikilia mwendo mmoja kwa saa nzima. Oili ya kwanza imwagwe kati ya kilomita 500 na 1,000, na filta yake ikatwe kama ile ya mwanzo. Chenga chache laini ni za kuzoeana. Zikionekana tena katika filta ya pili, rudi kwa fundi ukiwa na karatasi hiyo mkononi kabla dhamana haijaisha. Pima kompresheni upya wakati huohuo na uziandike namba zake kwenye kitabu cha gari, silinda kwa silinda, pamoja na tarehe na kilomita.